Anayenyamaza Amekubali? Waandishi wa Safu na Namna Wanavyotetea Hoja Zao

Tarehe 18 Machi 2014, Jaji Joseph Warioba aliwasilisha Rasimu ya Katiba mbele ya Bunge Maalumu mjini Dodoma na kueleza kwa nini Tume ya Mabadiliko ya Katiba aliyoiongoza ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Kati ya wananchi wa Tanzania Bara waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu. Kwa Zanzibar, asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba. Siku tatu baadaye Rais Jakaya Kikwete alisimama mahali palepale na kuzisoma takwimu za Tume ileile kwa upande wa pili. Waliotoa maoni yao kwa Tume walikuwa zaidi ya 350,000, alisema, na waliogusa muundo wa Muungano hawakufika 50,000. Waliobaki, zaidi ya asilimia 86, hawakuwa na tatizo nao.

Kwa wiki kadhaa kurasa za maoni za magazeti yetu zililishwa na hesabu hizo mbili. Upande mmoja uliandika kwamba wananchi wamesema. Upande wa pili uliandika kwamba wananchi wamesema pia, ila kinyume. Hakuna aliyeghushi namba. Kilichowatenganisha ilikuwa kanuni ambayo wengi wao hawakuiandika popote: je, mtu asiyesema neno juu ya jambo amelikubali lilivyo, au hahesabiki kabisa? Kanuni zote mbili tunaziishi. Kwenye ndoa ya Kiislamu, kimya cha mwari anapoulizwa huchukuliwa kuwa ridhaa. Kwenye uchaguzi, aliyebaki nyumbani haongezwi kwenye kura za anayetetea kiti. Mwandishi wa safu aliyetaka kumshawishi msomaji wake kwelikweli alipaswa kueleza kwa nini kukusanya maoni ya katiba kunafanana na hili na si na lile. Nafasi yake nyingi, hata hivyo, ilikwenda kwenye kurudia asilimia.

Mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, alilichambua jambo hili mwaka 1958 katika kitabu chake kuhusu matumizi ya hoja. Alionyesha kwamba kati ya ushahidi na hitimisho huwa kuna kiungo, yaani kanuni inayotupa ruhusa ya kutoka huku kwenda kule, na kwamba katika mazungumzo ya kawaida kiungo hicho huachwa bila kutajwa. Ushahidi tunauona, hitimisho tunalisikia, kiungo tunakimeza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kumpima mwandishi wa safu. Ushahidi anaweza kuupata yeyote mwenye subira ya kusoma ripoti, na hitimisho mara nyingi tunalijua kabla hatujasoma, maana jina na picha yake viko juu ya ukurasa. Kazi yake halisi iko katikati.

Tena kiungo kina tabia ya kumgeukia mwenyewe. Waliosema mwaka 2014 kwamba walio wengi wakishatamka basi mjadala umekwisha, walikuwa na deni la kueleza yaliyotokea miaka 20 na ushei kabla. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyozunguka nchi mwaka 1991, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kama wingi ndiyo kanuni, basi mfumo wa vyama vingi wenyewe uliingia kwa mlango wa uani. Waliosema kinyume, kwamba hali iliyopo ibaki mpaka wengi walalamike, nao walikuwa wakiandika katika magazeti binafsi ambayo mengi huenda yasingekuwepo kama kanuni hiyo ingefuatwa mwaka 1992. Safu nzuri ingeweza kuanzia hapo. Ingeuliza ni lini wingi unatosha na ni lini hautoshi, halafu ndipo ishike kalamu kuhusu serikali mbili au tatu. Na ingekumbuka kueleza kwamba wengi wa wale asilimia 80 walitaka pia chama hicho kimoja kirekebishwe, kipengele ambacho hukatwa kila namba hiyo inapotajwa kwa sababu kinaharibu urahisi wake.

Sababu moja ya kiungo kuachwa ni nafasi tu. Safu ya gazeti la kila siku ina maneno mia saba au mia nane. Ya gazeti la wiki inaweza kufika elfu moja na kitu. Ndani yake lazima pawe na tukio la wiki, lawama, na kauli ya mwisho inayong'ata. Kichwa cha habari, kinachosomwa na watu wengi kuliko makala yenyewe, mara nyingi hutungwa na mhariri, na mhariri hupenda kichwa kisicho na "huenda". Sababu ya pili ni nzito zaidi: mwandishi anaandika kwa ajili ya watu anaodhani wanakubaliana naye. Kanuni ambayo wote mnaishika haina haja ya kutetewa. Kwa hiyo kila anachokiacha bila kukitaja kinatuonyesha msomaji aliyemfikiria.

Pale kiungo kinapokosekana, huitwa mashahidi. Shahidi wa kwanza, na wa bei nafuu kuliko wote, ni wahenga. Methali hufanya kazi ya kanuni: inasikika kama jambo lililokwisha amuliwa zamani, na anayeipinga anaonekana anabishana na babu zake. Ila wahenga hao ni mashahidi wa pande zote. Anayetaka mradi uharakishwe ataandika kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayetaka usubiri ataandika kwamba haraka haraka haina baraka. Kuna safu ambazo ukiondoa methali zake unabaki na tukio na hasira. Mwandishi hodari huifanyia methali kazi. Huieleza, huipinda, pengine huipinga, na ndipo tunapojua kwamba ameifikiria.

Shahidi wa pili, kwa Tanzania, ni Mwalimu Julius Nyerere. Sijui kama kuna nchi nyingine katika ukanda huu ambako marehemu mmoja huitwa kizimbani mara nyingi hivyo, tena na mlalamikaji na mshtakiwa kwa siku moja. Mjadala wa Muungano ulilionyesha hilo vizuri. Mwaka 1993 wabunge 55 walitaka iundwe serikali ya Tanganyika, na Mwalimu aliwapinga kwa nguvu. Mwaka 1994 alitoa kitabu kizima, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kueleza kwa nini. Watetezi wa serikali mbili walikuwa na shahidi aliyeandika kwa mkono wake. Upande wa serikali tatu haukumwacha. Ulisema kwamba Mwalimu huyohuyo alisimama na wachache kwenye suala la vyama vingi, kwamba hakuwa mtu wa kuabudu muundo, na kwamba mwenyekiti wa Tume alikuwa Mwanasheria Mkuu wake, si mtu wa kutiliwa shaka kwa usia wa mzee. Upande mmoja ulinukuu alichosema, wa pili ukanukuu alivyokuwa.

Hayo ni matumizi mawili tofauti, na yanastahili vipimo tofauti. Anayenukuu alichosema anapaswa kuonyesha kwamba sababu alizozitoa Mwalimu mwaka 1994 bado zipo. Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba Tanganyika ikishafufuliwa, dhambi ya ubaguzi haitaishia hapo. Hiyo ni sababu, inaweza kuchunguzwa. Anayenukuu alivyokuwa ana kazi ngumu zaidi, maana anamhamisha marehemu kutoka swali alilolijibu kwenda swali ambalo hakuulizwa. Nimesoma safu nyingi zenye sentensi ya "Mwalimu angekuwepo leo". Sentensi hiyo haiwezi kukanushwa, na kwa sababu hiyohiyo haithibitishi kitu.

Shahidi wa tatu ni mwandishi mwenyewe. Hapa sina haraka ya kulaumu. Hadhi ya msemaji ni sehemu halali ya hoja; Aristotle aliiweka pamoja na mantiki na hisia, na wazee wetu barazani hawakumruhusu yeyote kufungua mazungumzo kabla hajajulikana ni nani. Jenerali Ulimwengu, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa magazeti ya Rai na baadaye Raia Mwema, aliandika akiwa mtu aliyekuwa ndani ya mfumo, mkuu wa wilaya kisha mbunge, na ambaye mwaka 2001 aliambiwa na serikali kwamba si raia. Alipoandika kuhusu uraia au kuhusu viongozi wanavyoharibika, msomaji alisoma sentensi akiwa na maisha hayo pembeni. Jambo la kujifunza kwake si hadhi hiyo pekee. Alikuwa na desturi ya kulishika swali moja kwa wiki kadhaa mfululizo, sehemu baada ya sehemu, na ndani ya mfululizo wa namna hiyo kiungo hupata nafasi. Anayeruka kila wiki kutoka umeme hadi soka hadi bunge hana budi kuegemea hisia.

Hadhi hugeuka mzigo inapotumika nje ya shamba lake. Profesa wa fizikia akiandika kuhusu ndoa ni raia kama sisi, ila cheo chake kimechapwa chini ya jina lake na kinafanya kazi kimyakimya. Upande wa pili wa hadhi ya msomi ni hadhi ya mtu wa mtaani. Kuna dereva wa bodaboda ambaye hukutana na waandishi wa safu nchi nzima. Hana jina, ana hekima nyingi, na kwa bahati ya ajabu anakubaliana na mwandishi kila mara. Mama ntilie naye yupo. Sisemi watu hawa hawapo. Nasema wakishaingia kwenye safu huwa wanasema kile ambacho mwandishi angetaka kukisema bila kuonekana amekisema. Kipimo ni rahisi. Je, katika safu 50 za mwandishi huyo, kuna siku moja dereva alimbishia?

Kenya, marehemu Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, aliitumia hadhi ya mwandishi kwa namna nyingine katika safu yake ya Taifa Leo. Riwaya zake zilikwisha kumpa jina, lakini mada yake ya Kiswahili ilimpa faida ambayo mchambuzi wa siasa hana: ushahidi wa mwandishi wa lugha unasikika redioni na kuonekana kwenye mabango, na msomaji anaweza kuukagua mwenyewe akishuka kwenye matatu. Nadhani safu za lugha ndizo zenye nidhamu kubwa kuliko zote katika magazeti yetu kwa sababu hiyo. Msomaji anayeweza kukagua humlazimisha mwandishi kuwa mwangalifu.

Mlinganisho wa nchi kwa nchi ni shahidi wa nne, na ndiye anayeponyoka kirahisi zaidi. Mfano ulio maarufu kwetu ni ule wa kwamba wakati wa uhuru, mwaka 1961, tulikuwa sawa na Korea Kusini, au Malaysia, na leo tazama. Sawa kwa nini? Kwa kawaida mwandishi ana pato la mtu mmoja akilini. Lakini Tanganyika ilipata uhuru, kwa hesabu aliyozoea kuitoa Mwalimu, ikiwa na wahandisi wawili, madaktari 12, na asilimia 85 ya watu wazima wasiojua kusoma. Korea Kusini kufikia wakati huo ilikwisha gawa upya ardhi na watu wazima wake wengi walijua kusoma, pamoja na kwamba vita ilikuwa imeivuruga. Tukishayataja hayo, mlinganisho unabadilika. Unaacha kuwa hoja kuhusu uvivu au uongozi mbovu na unakuwa hoja kuhusu mahali pa kuanzia. Unaweza bado kuwa na uzito, kwa mfano juu ya tulichofanya na elimu baada ya miaka ya 1980, lakini inabidi mwandishi akubali kuupunguza.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mwandishi huchagua umbo la hoja yake kwa uhuru. Si kweli, na anayechambua safu za Afrika Mashariki kwa vitabu vya nje peke yake atakosea kuzisoma. Umbo la hoja zetu limechongwa pia na sheria. Mtu anayeshangaa kwa nini waandishi wetu huuliza maswali mengi kuliko wanavyotoa kauli, akumbuke kilichompata Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 alitoa karatasi ya kisiasa, si makala ya gazeti, yenye kichwa Kenya: Twendapi? Kichwa kilikuwa swali. Mahakama haikulisoma kama swali, na alifungwa miaka mitatu.

Tanzania, tarehe 30 Novemba 2011, Samson Mwigamba aliandika katika safu yake ya Tanzania Daima makala iliyovaa umbo la waraka kwa askari wote. Umbo hilo la barua ya wazi ni la zamani katika safu zetu na lina faida yake: linampa mwandishi mtu wa kumwita "ndugu", linamruhusu kusihi, na linamgeuza msomaji kuwa mtu anayesikiliza kando mazungumzo ya wengine. Serikali iliusoma waraka kama waraka. Mwigamba, mhariri wake Absalom Kibanda, na Theophil Makunga wa kampuni iliyolichapa gazeti walishtakiwa kwa uchochezi, wakakaa na kesi mpaka mwanzoni mwa 2014 walipoachiwa huru. Kwa miaka miwili na zaidi, suala lililokuwa mahakamani lilikuwa la uchambuzi wa matini: je, kumwambia askari afikiri kabla ya kutii ni hoja au ni amri? Wanafunzi wa isimu wangeifurahia kesi hiyo kama isingekuwa na wanadamu ndani yake.

Septemba 2017 Raia Mwema lilifungiwa siku 90 kutokana na makala iliyotabiri kwamba urais utamshinda John Magufuli. Mwaka uliofuata, marekebisho ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali au kuzitilia shaka. Mwaka 2019 kipengele hicho kililegezwa. Ukiweka adhabu hiyo na sheria hiyo pamoja unaona mwandishi aliachiwa nini wakati huo. Kauli ya moja kwa moja ilikuwa na hatari, na namba ya kuiunga mkono ilikuwa na hatari yake. Kilichobaki ni fumbo, ngano ya wanyama, "wapo wanaosema", historia ya nchi ya mbali ambayo kila msomaji anaielewa ni ya karibu, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti hiyo, inayotoka kila mwaka karibu na Aprili, imekuwa kimbilio kwa sababu ni ya serikali yenyewe: unaweza kuilaumu serikali kwa maneno yake. Ndiyo maana Aprili na Mei safu zetu huwa na ushahidi mzito ghafla, halafu kuanzia Julai zinarudi kwenye wahenga.

Kwa hiyo nasitasita kumlaumu mwandishi kwa kuficha kiungo chake. Wakati mwingine amekificha kwa uvivu, wakati mwingine amekificha kwa sababu kukitaja kungelifungia gazeti na kuwaacha wachapaji bila mshahara. Msomaji wa siku nyingi hujifunza kutofautisha. Aliyefumba kwa hofu huacha fununu za kutosha ili ukamilishe mwenyewe, na ukikamilisha unapata hoja kamili. Aliyefumba kwa uvivu, ukimkamilishia, unapata pengo.

Sheria haielezi udhaifu mmoja, nao kwangu ndio mkubwa: namna tunavyomshughulikia mpinzani. Hakuna kifungu kinachomzuia mwandishi wa safu kumtaja mwenzake wa gazeti jingine kwa jina, kuieleza hoja yake kwa namna ambayo mwenyewe angeikubali, kisha kuijibu. Badala yake tuna "baadhi ya watu", "wanaojiita wasomi", "wale wanaobeza". Hawa ni wapinzani wepesi kushindwa kwa sababu wametengenezwa ili washindwe.

Haikuwa hivyo daima. Mambo Leo, gazeti la Idara ya Elimu ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilikuwa la wakoloni na halikuruhusu siasa ya kweli, lakini kurasa zake za mashairi ziliendesha kujibizana kwa nidhamu ambayo safu zetu hazina. Mtu aliuliza kwa shairi, na mwenzake kutoka wilaya nyingine akamjibu kwa bahari ileile, akimtaja kwa jina na kuanza na salamu. Ili umjibu mtu kwa vina vyake lazima uwe umemsoma. Ukumbi huo ulipohamia kwenye magazeti ya baada ya uhuru ulibaki ukurasa wa mashairi tu. Haukugeuka desturi ya ukurasa wa maoni.

Magazeti ya wiki ya miaka ya 2000 yalijaribu njia nyingine. Chini ya safu nyingi palikuwa na namba ya simu ya mwandishi, na ujumbe wa wasomaji ulichapwa wiki iliyofuata, ukiwemo wa matusi. Ilikuwa fujo, lakini kiungo ambacho mwandishi alikimeza kilirudishwa mezani na mwalimu wa Kasulu au fundi wa Tandika aliyeuliza "kwani nani kasema?" Mwandishi akalazimika kujibu mbele ya walewale waliomsoma. Leo majibu yameenda kwenye WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii. Yanafika haraka, ni mengi kuliko zamani, na hayamlazimu mtu: mwandishi anaweza kuyapita yote na Jumatano ijayo akaanza mada mpya, na mhariri wake hatamuuliza. Magazeti yetu yana utaratibu wa kusahihisha jina lililokosewa na tarehe iliyokosewa. Sijawahi kuona lenye utaratibu wa kurudi kwenye hoja iliyoanguka, ingawa ukurasa wa pili una nafasi ya kutosha na aliyeianzisha hoja bado anaandika humohumo kila wiki.